Aliyefuata Pacha

Siku ile, katika kijiji kile cha ziwani, nilimpata mtu au nilimfichua? Nimejiuliza swali hili nikiwa kijana, nikiwa mama, na sasa nikiwa mwanamke wa makamo anayevaa miwani hata kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi, na bado sina jibu. Wanaonifahamu hudhani kwamba kazi niliyoifanya Kigoma katika miaka ya wakimbizi ilikuwa ya huzuni tupu. Haikuwa hivyo. Nitasema jambo ambalo kwa muda mrefu nililionea haya: siku chache nilizokaa katika vijiji vya mwambao wa Tanganyika zilikuwa miongoni mwa siku zenye furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuishi. Pengine ndiyo sababu swali lenyewe linauma.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu kabla. Kwetu ni Uluguru, na Kigoma niliijua kama mahali reli inapoishia. Shirika moja la misaada liliniajiri kuwa karani wa kutafuta ndugu waliopotezana. Warundi walikuwa wakivuka mpaka kwa miguu na wengine wakivuka kwa mitumbwi, na familia iliyopanda mitumbwi miwili ingeweza kabisa kutua mahali pawili, pasiwe na upande unaojua habari za mwenzake. Wengi walipokelewa na kupelekwa kambini, upande wa Kasulu. Hata hivyo ilifahamika kwamba baadhi yao walitua kimyakimya katika vijiji vya wavuvi kusini mwa Ujiji, wakapewa maji ya kunywa, kisha mahali pa kulala, kisha shamba la muhogo, wakakaa.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa mmoja: makazi ya mkimbizi ni kambini, na aonekanaye nje ya kambi hurudishwa huko. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, kujaza fomu, kugongewa muhuri na mtendaji wa kijiji, na kuirudisha fomu ofisini. Gari la kumchukua mtu lilikuwa kazi ya wengine. Nami niliuona mpango huo kuwa safi kabisa.

Fomu iliyonitoa mjini safari ile ilikuwa ya mshonaji mmoja wa kambini. Alikuwa na cherehani ya mkono chini ya turubai, na alishona magauni ya watoto kutokana na vitambaa vilivyobaki, kila gauni rangi tatu au nne. Alikuwa akimtafuta mdogo wake wa kike. Usiku wa kuvuka, yeye alipanda mtumbwi wa kwanza, mdogo wake akapanda wa pili, na wa pili hakuuona tena.

Nilimuuliza jina la mdogo wake, akanipa jina la ubatizo. Nikamuuliza jina la ukoo. Alisita.

"Kama lako?" nilimsaidia, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

"Andika tu, dada," alisema kwa adabu ya mtu anayezungumza na ofisi. Kisha akaongeza, akinitazama usoni kana kwamba ananikabidhi kitu: "Mimi ni pacha. Mwenzangu alifariki tukiwa wadogo. Huyu ninayemtafuta ndiye aliyetufuata."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anavyoitikia mazungumzo ya pembeni. Fomu haikuwa na nafasi ya pacha. Niliandika maneno hayo kwa penseli ukingoni mwa karatasi, kwa heshima tu, nikageuza ukurasa.

Dereva niliyepewa alikuwa Muha, mzaliwa wa Simbo, mtu wa makamo ambaye aliendesha Landrova lile kuukuu akizungumza nalo. Yeye ndiye aliyenichagulia siku za safari. Nilikuwa nimepanga kuondoka mara moja, akakataa.

"Binti, tusubiri mwezi ukue," alisema. "Kukiwa na giza wanaume wote wako majini na taa zao wakivua dagaa. Mchana wamelala kama magogo. Utahutubia kuku. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, watu wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanatafuta wa kuzungumza naye. Hapo ndipo ufike."

Nilisubiri, nikinung'unika. Ndiyo ushauri bora niliowahi kupewa na mtu yeyote kazini.

Tuliondoka asubuhi, tukaupita mtaa wa Mwanga maduka yakifunguliwa na mafundi wakitoa cherehani zao barazani, tukaipita Ujiji, tukaingia Simbo ambako dereva alisimama mara tano kuwasalimia shangazi zake. Baada ya Simbo michikichi ilituzingira. Chini yake wanawake walikuwa wakichemsha mawese katika mapipa, na harufu ile nzito na tamu iliingia garini ikakaa nasi kama abiria. Ilagala tulipanda pantoni kuvuka Malagarasi, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita polepole chini yetu, na upande wa pili barabara ikageuka, ikapanda kilima kifupi, na ghafla ziwa lote likafunguka.

Nilipiga kelele. Sisemi kwa mfano. Nilipiga kelele hasa, na dereva akakanyaga breki akidhani tumegonga mbuzi.

"Kumbe hujaliona?" aliuliza.

"Nimeliona Kigoma, bandarini."

"Ah, lile la bandarini limefungwa kamba. Hili ndilo lenyewe."

Mwambao ule hauna kisiwa, lakini vijiji vyake vinaishi kisiwa. Mbele kuna maji, nyuma kuna milima, na katikati kuna utepe mwembamba wa mchanga na barabara ambayo ni barabara kwa sababu tu gari lililotangulia lilipita hapo. Katika kila kijiji mitumbwi ilikuwa imepandishwa ufukweni, nyavu zimetandazwa, wanaume wameketi juu yake wakishona huku wakibishana. Dagaa wa mwisho waliovuliwa kabla ya mwezi kukua walikuwa bado wameanikwa, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja, na jua likiwapiga walimeta mpaka macho yakauma. Tulikula migebuka, samaki wa ziwa lile, wa kukaanga na ugali wa muhogo hadi nikaanza kuzitambua nyumba kwa mkono wa mpishi. Nilijifunza kusalimia kwa Kiha, nikipiga makofi taratibu na kuinama kidogo, na wanawake wazee walinicheka, wakanishika mikono, wakanirudisha mwanzo wa salamu kwa kuwa nilikuwa nimeimaliza haraka kuliko ilivyo heshima.

Kwa siku tatu nilikuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa. Na kwa siku hizo tatu sikumpata mtu yeyote.

Katika kila kijiji mtendaji aliwakusanya watu kwa kugonga kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Nilisimama mbele yao na fomu yangu, nikalisoma jina la ubatizo na lile la ukoo kwa sauti ya darasani. Watu walilisikiliza kwa makini, wakatazamana, wakatikisa vichwa. Halafu wakanipa papai.

Jioni ya siku ya tatu, tukila katika kijiji cha Sunuka, nyumbani kwa mama mmoja mpika samaki, nilimlalamikia dereva.

"Mzee, watu wa huku wanaficha."

"Wanaficha nini?"

"Huyu binti. Haiwezekani vijiji vyote visiwe vimewahi kulisikia jina lake."

"Mimi mwenyewe sijalisikia vizuri. Kila mara unaniambia nibaki na gari."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimefundishwa kwamba taarifa za mtu ni siri, nami niliilinda siri hiyo dhidi ya mtu pekee niliyekuwa naye ambaye alizaliwa katika nchi ile.

"Hebu nisomee hiyo siri yako," alisema. "Nikiitoa, unifukuze kazi."

Nikamsomea, pamoja na maneno ya penseli. Nilipofika kwenye pacha, tonge lake lilisimama katikati ya sahani na mdomo.

"Rudia hapo."

"Anasema yeye ni pacha, na kwamba mdogo wake ndiye aliyewafuata."

Alilirudisha tonge sahanini, akacheka mpaka akakohoa, mpaka mama mwenye nyumba akatoka jikoni kuuliza kama mtu amekwamwa na mwiba.

"Mama, njoo usikie," dereva alisema akijifuta macho. "Msomi wetu anatembea siku tatu na jina la mtu mfukoni, na hajui kama analo."

Walinieleza kwa zamu, wakikatizana. Kwanza, kwa Warundi, na kwa Waha wengi pia, watoto wa baba mmoja hawagawani jina. Kila mtoto huja na lake. Yule binti niliyekuwa nikimtangaza kwa jina la dada yake hakuwahi kuwapo duniani. Pili, na hili ndilo lililowafanya wacheke, kuna majina ambayo hayachaguliwi na mzazi. Pacha wana majina yao mawili, na mtoto anayezaliwa baada yao ana jina lake, moja tu, linalomngoja tangu kabla ya mimba. Ukishasema "nilifuata pacha" umeshajitaja. Mshonaji alikuwa amenipa jina la mdogo wake waziwazi, kwa namna ambayo mtu yeyote wa pale angeielewa, nami nililiweka ukingoni kwa penseli.

"Chuo kikuu ulikaa miaka mingapi?" aliuliza dereva.

"Mitatu."

"Na pacha hawakuwafundisha."

"Kwetu pacha ni pacha tu, mzee."

"Ndiyo maana Waluguru mnalima kwenye mteremko, viazi vyenu vinaporomoka mpaka kwa jirani."

Nilicheka nao. Niliona aibu, lakini aibu ile ilikuwa na msisimko ndani yake, kama pale hesabu iliyokukataa wiki nzima inapokubali. Sikutaka hata kulala. Nilitaka kuche.

Siku ya nne, basi, sikuuliza jina la ukoo la mtu yeyote. Niliomba waje mbele wote waliofuata pacha.

Laiti ningekuwa na uwezo wa kueleza jinsi mikutano ilivyobadilika! Watu waliokuwa wakinisikiliza kwa upole sasa waliinuka, wakaitana, wakasukumana. Katika kijiji cha kwanza walijitokeza wawili, mama na binti yake wa kumzaa, na kila mmoja akasimulia habari za pacha wake. Katika kijiji cha pili, ambacho sitakitaja jina kwa sababu zitakazoonekana, walikuja saba. Walipanga mstari bila kuambiwa. Kulikuwa na mwanamke aliyetoka shambani na udongo miguuni, mwanakwaya mmoja aliyekuja ameshika daftari lake la nyimbo, bibi aliyesaidiwa kutembea, na mbele yao wote mvuvi mmoja mwenye upara unaong'aa kama sufuria mpya.

"Mimi hapa," alisema mvuvi. "Mnanitafutia nini?"

"Tunamtafuta binti, baba," nilimjibu. "Ana miaka kama ishirini."

"Basi mimi nilizaliwa mapema."

Mkutano mzima uliangua kicheko. Yule mwanamke wa shambani akasema waliofuata pacha wote ni wakaidi, na ushahidi ni huyo mzee ambaye hajawahi kukubali kwamba amezeeka. Bibi akasema si ukaidi, ni njaa, kwa maana mtoto wa tatu huyakuta maziwa yamekwisha. Nilikuwa nikiandika, nikicheka, nikiuliza pacha wao wako wapi, na wote walikuwa na majibu, wote walikuwa wenyeji wa hapohapo, watu wa makaburi yanayojulikana.

"Wako saba," nilisema. "Hakuna mwingine?"

Hapo kicheko kilikoma. Hakikufifia, kilikoma. Mvuvi mwenye upara alianza kuchunguza kidole chake cha mguu. Mtendaji, kijana aliyehamishiwa huko kutoka Singida, alitazama ziwa.

Nami nikatazama walikokuwa hawatazami. Hatua chache kutoka mkutanoni, kwenye kichanja cha mwisho, mwanamke kijana alikuwa ametupa mgongo, mtoto mchanga amefungwa mgongoni humo, naye akiwageuza dagaa. Alikuwa akiwageuza dagaa waliokwisha kukauka.

Mtu mwenye busara angekwenda taratibu akamsalimia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na furaha ilinitangulia. Nilipaza sauti mbele ya kijiji kizima:

"Dada yako yu hai! Pacha yu hai, yuko kambini, anashona nguo! Anakutafuta!"

Mikono yake ilisimama. Kisha akakaa chini mchangani, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo mzito asije akaumwaga, na sauti iliyomtoka sikuijua kama ni kilio au kicheko. Alikuwa ameamini, tangu usiku ule, kwamba mtumbwi wa kwanza ulizama.

Niliketi naye pale chini. Aliniuliza kama dada yake bado ana kovu la kuungua mkononi. Nikasema ndiyo, mkono wa kushoto. Aliniuliza kama bado anazungumza peke yake akishona. Nikasema ndiyo. Akanikumbatia kwa nguvu, mtoto akiwa mgongoni, na wanawake waliokuwa wamenyamaza wakapiga vigelegele, kwa kuwa kuna furaha ambayo hata hofu haiwezi kuizuia isitoke.

"Nani amemliza mke wa mwanangu?"

Aliyeuliza alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyekuja mbio na ungo mkononi. Watu walimweleza wote kwa pamoja. Alisikiliza, akautupa ungo.

"Ana dada? Dada mkubwa? Wa damu?"

"Mama," mtendaji alisema kwa sauti ndogo, "huyu mkweo ulituambia ni Muha, mpwa wako kutoka Heru."

"Ni mpwa wangu. Leo mpwa wangu amepata dada. Kuna ubaya?"

Mtendaji alinivuta kando, kwenye kivuli cha mtumbwi mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Dada, mimi nilikuwa sijui," alisema. "Nilikuwa nafanya juhudi kubwa sana ya kutojua. Sasa umenijulisha mbele ya mkutano. Ukinipa hiyo fomu nitagonga muhuri, sitaandika uongo. Na nikigonga, unafahamu gari litakalofuata. Usiponipa, sina cha kugonga. Lakini masikio yaliyosikia ni mengi, wala si yote ya hapa kijijini."

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Binti yule alikuwa na mume, mtoto wa miezi minne, kichanja cha dagaa na shamba la muhogo juu ya kilima. Kijiji kilikuwa kimemjengea ukimya wa kuishi ndani yake, nami nilikuwa nimeutoboa kwa pumzi moja ya furaha. Kuanzia saa ile angeweza kupoteza kila alichokuwa nacho.

Jioni tulikaa uani kwa mama mkwe: yeye, mwanawe, mkwewe, dereva na mimi. Mwezi ulikuwa umechomoza juu ya milima kabla jua halijamaliza kuzama upande wa Kongo, na kulikuwa na mwanga mwingi kiasi kwamba mume aliendelea kushona wavu wake bila taa. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi. Hakuna aliyetaka kuisikia.

"Nikienda kumwona, wataniruhusu kurudi?" binti aliniuliza.

Nilitamani kusema ndiyo. "Sijui," nilimwambia. "Gari letu lina kibali cha kupita vizuizini. Kukufikisha naweza. Kukurudisha, sijui."

"Na usipokwenda," dereva alisema, "dada yako ataambiwa nini?"

"Huyu akirudi na fomu tupu," binti alisema akinionyesha kwa kidevu, "dada ataambiwa sikuonekana. Ataniomboleza mara ya pili."

Nilimwambia ningeweza kumnong'oneza dada yake ukweli. Akatabasamu kwa huruma, kama mtu mkubwa anavyomtabasamia mdogo. "Umeona leo unavyonong'ona."

Dereva alicheka mpaka akajifunika uso, na mimi pia, ingawa nilistahili zaidi kulia.

Mama mkwe hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameingia ndani, na alitoka na jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa katika kitambaa. Alilifungua mbele yetu. Lilikuwa halijagusa udongo.

"Hili nililinunua mwezi ule alipoingia nyumbani kwangu," alisema. "Kwetu mke hutolewa jembe, na kwao hulipokea, tukanywa pombe ya ndizi pamoja, ndipo anakuwa wetu. Nimemlaza binti wa watu ndani ya nyumba yangu, amenizalia mjukuu, na hakuna mtu wa kwao aliyeninywesha wala niliyemnywesha. Mnadhani ninalala vizuri? Majirani wananiambia, mama, kwao wamekufa, achana nayo. Sasa nimesikia kwao kuna mtu. Mnakaa hapa kunieleza habari za muhuri?"

"Mama, huko ni kambini," mwanawe alisema. "Kuna geti na askari."

"Askari wana mama zao. Watajua jembe ni nini."

Binti alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. Tulimtazama yeye, kwa sababu sote tulijua kwamba neno la mwisho halikuwa letu.

"Nitakwenda," alisema. "Kesho, kabla wengine hawajanijia. Nitakwenda kama mke wa watu, na mama mkwe mbele na jembe lake. Siendi kama mtu aliyeokotwa. Na nitamwambia dada mwenyewe kwamba nina kwangu, na kwamba nitarudi kwangu."

Mume wake alikata uzi kwa meno. "Wakikuzuia," alisema bila kuinua kichwa, "nitakufuata hukohuko. Nitakuwa mkimbizi wa nchi yangu mwenyewe, wanipe na turubai."

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nilikwenda kwa mtendaji nikamwambia kwamba fomu ile sitaijaza, si kwa ndiyo wala kwa hapana, na kwamba nitawachukua wanawake wawili na mtoto garini. Alifikiri kidogo. Kisha akatoa karatasi akaandika barua ya utambulisho: hawa ni wakazi wa kijiji hiki, wanakwenda kumsalimia ndugu.

"Mkazi ni mtu anayekaa," alisema akiipuliza wino ukauke. "Anakaa. Nimemwona anakaa."

Ni lazima niseme sasa yaliyofuata baadaye, kwa kuwa sitaki yawe mwisho. Alirudi. Alikaa na dada yake siku tisa, jembe likapokelewa, na mama mkwe akamrudisha ziwani, kama binti mwenyewe alivyosema. Lakini mwaka uliofuata, mkataba wangu ukiwa umekwisha na mimi nikiwa Morogoro, dereva alinipigia simu ofisini kwa jirani yetu kunieleza kwamba watu walipita vijiji vya mwambao wakiwakusanya walioishi nje ya kambi, na kwamba binti alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Mume alimfuata, kama alivyosema. Nani aliyemtaja, hakuna ajuaye. Yawezekana angechukuliwa hata kama nisingefika kamwe, maana wengi ambao hakuna karani aliyepata kuwatafuta walichukuliwa vilevile. Yawezekana pia kwamba sauti yangu ya siku ile, sauti ya furaha tupu, ilisafiri ufukweni kutoka sikio hadi sikio hadi ikafika isikotakiwa. Nimeligeuza jambo hili pande zote. Kila nikifikiri nimepata jibu, namkumbuka alivyokaa chini mchangani aliposikia kwamba dada yake yu hai, na jibu linayeyuka.

Asubuhi ile, hata hivyo, hakuna kati yetu aliyeyajua hayo.

Kulipokucha nilimkuta dereva ameshaosha vioo vya gari kwa maji ya ziwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili yangu. Mama mkwe alikuja amevaa kitenge kipya chenye mikunjo ya sandukuni, jembe kifuani, kibuyu cha pombe kikiwa kimezibwa kwa jani la mgomba, na nyuma yake wanawake watatu wakibeba gunia la dagaa.

"Mama, gunia lote?" dereva aliuliza.

"Unataka niende ukweni kwa mwanangu mikono mitupu, kama wewe?"

"Mimi ukweni kwangu nilipeleka ng'ombe."

"Aliyekonda. Shangazi yako wa Simbo ni shoga yangu, ameniambia."

Waliofuata pacha walikuwa wamekuja wote saba kumsindikiza mwenzao, hata bibi. Mvuvi mwenye upara alimkabidhi binti mgebuka mkubwa wa kukaushwa, akamwambia ampe dada yake na amwambie ametoka kwa wadogo zake. Mume alimbeba mtoto hadi mlangoni mwa gari, akamtazama muda mrefu, akamrudisha mgongoni kwa mama yake na kuifunga mbeleko mwenyewe, vibaya, wanawake wakimcheka, hadi binti akaifungua akaifunga upya.

Mtendaji hakuonekana. Mlango wa ofisi yake ulikuwa umefungwa, na dirisha lake, lililokuwa likitazama barabara, lilikuwa limefungwa pia.

Mama mkwe alikataa kukaa nyuma. Nilimpisha kiti changu cha mbele, nikapanda nyuma na binti, gunia likiwa kati ya magoti yetu. Dereva alizungumza na gari lake maneno mawili matatu ya kulibembeleza. Likawaka. Binti alitoa mkono dirishani, akaugusa mkono wa mume wake, akaurudisha ndani.

"Twende, baba," alimwambia dereva, na tukaishika barabara ya kaskazini.